Sehemu ya Mnyama wa Kondeni



Limetufikia swali ambalo hapo kwanza liliwachekesha waliolisikia, kisha likawanyamazisha. Nalo ni hili: Mkulima Mkristo akiulima mpaka wa shamba lake, na kichaka chake, na malisho yake ya akiba, asisaze kitu, hata kwale na kanga na sungura wakakosa mahali pa kuzalia, je, amemdhulumu ye yote? Shamba ni lake, jembe ni lake, jasho ni lake. Sungura hana hati ya ardhi, wala hawezi kwenda kwa mtendaji wa kijiji kushitaki. Basi dhuluma iko wapi?

Siku hizi swali hili limepata ukali mpya, kwa sababu ya mazao yasiyolimwa kwa kuliwa. Tangu zamani mtu alifyeka pori ili apande mtama au mahindi au viazi, naye aliyemwona hakumlaumu, maana watoto hawana budi kula. Tena alilima pamba ili apate fedha ya nguo na ya karo. Lakini sasa liko zao la namna ya tatu, zao la kuwashwa moto: mbono wa kutoa mafuta ya mitambo, miwa ya kutoa spiriti ya magari, mahindi ya kuozeshwa ili yatoe gesi, na miti ipandwayo safu kwa safu ili iwe kuni na makaa. Wayasifuo mazao hayo wana neno la kweli. Petroli na makaa ya mawe yameitia dunia joto na kuyavuruga majira, nasi tulimao Simiyu twajua maana yake mvua kuchelewa. Ikiwa liko zao liwezalo kupunguza madhara hayo, sungura ni nani hata alizuie?

Na tupambanue kwanza jambo moja ambalo wengi hulipita. Tumbo la mtu lina kipimo, bali moto hauna. Nyumba ya watu wanane ikipata ugali na mboga hushiba, nao huondoka mezani. Hata mfalme hawezi kula ugali wa watu mia. Kwa hiyo mashamba ya chakula, hata yakiwa makubwa, yana mpaka wake katika hesabu ya matumbo. Lakini mavuno ya wilaya nzima yaweza kumiminwa katika matangi ya magari, na wiki ijayo matangi yakawa matupu tena. Mwenye hekima, katika sura ya 30 ya kitabu cha Mithali, alipovihesabu vitu visivyotosheka kamwe, aliutaja moto kuwa wa mwisho wao. Basi zao la moto haliwezi kujiwekea mpaka lenyewe. Asipokuwapo mtu wa kuliambia, Hapa ukome, litakwenda hata ukingo wa mto, na kuuvuka.

Tanzania imekwisha kulionja jambo hili. Hapo bei ya petroli ilipopanda, karibu miaka ishirini iliyopita, makampuni ya Ulaya yalikuja kutafuta nchi ya kupanda mbono. Kampuni ya BioShape ya Uholanzi ilipata hekta kama 34,000 wilayani Kilwa, katika nchi ya misitu ya miombo na ya pwani. Mwaka 2010 ikafilisika. Kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata hekta 8,211 wilayani Kisarawe. Mwaka 2011 kazi ikasimama, na vibarua wakarudi makwao. Miti ilikuwa imekwisha kukatwa, na mbono haukuzaa kama ulivyosifiwa, kwa maana mti ule huvumilia nchi kavu, lakini kuvumilia si kuzaa. Bagamoyo nako palikusudiwa shamba kubwa la miwa, kwanza kwa ajili ya spiriti ya magari, kisha kwa sukari, katika nchi ipakanayo na Hifadhi ya Saadani na kutegemea maji ya mto Wami. Mwaka 2016 Serikali iliifuta hati yake.

Lakini tusiuhukumu mti. Mbono ni mgeni wa zamani kwetu. Katika sehemu nyingi za nchi huitwa mbono kaburi, kwa kuwa wazee waliupanda palipozikwa watu wao, na wengine huupanda kuwa ua, maana mbuzi hawagusi majani yake. Ua la mbono lina majani makavu chini yake, na mijusi, na viota, na kivuli cha kuku. Na mbegu zake zaweza kuchumwa na kukamuliwa mafuta pasipo kumwondoa kiumbe hata mmoja. Mti ule ule ukipandwa hekta elfu kwa elfu, pasipo kitu kingine kati yake, huwa ukimya. Tofauti haimo katika mbegu, imo katika kipimo.

Sasa na tuifungue Torati, mahali ambapo twadhani swali letu lilijibiwa kabla hatujaliuliza. Katika Kutoka, sura ya 23, mstari wa 10 na wa 11, Bwana aliwaamuru Israeli wailime nchi miaka sita, na mwaka wa saba waiache ipumzike. Wengi wetu tukifundisha sheria hiyo husema habari ya udongo kupata nguvu, na hiyo ni kweli. Lakini sababu iliyoandikwa pale si udongo. Sababu ni kwamba maskini wa watu wapate kula, na wanachokisaza maskini, wanyama wa mwituni wale. Shika utaratibu wake, ewe mwalimu, utakapoifundisha: kwanza mwenye shamba kwa miaka sita, kisha maskini, kisha mnyama. Mnyama ni wa mwisho mezani. Lakini yupo mezani. Hakuja kama mwizi, ameandikiwa sehemu yake na Yeye aliye mwenye nchi, na sehemu hiyo imewekwa katika amri ile ile iliyomwekea maskini yake. Anayeifuta sehemu ya mnyama asijidhani ameiacha ya maskini ikiwa salama, kwani mara nyingi kichaka walichozalia kanga ndicho walichochuma mlenda na uyoga na dawa wale wasio na shamba.

Hayo si maneno ya Waisraeli wa kale tu. Tazameni yaliyotokea Ujerumani, nchi walikotoka wengi wa wale waliowaletea babu zetu Injili. Tangu mwaka 1992 wakulima wa Ulaya walitakiwa kuliacha fungu la mashamba yao lisilimwe. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya Torati. Ghala zao zilijaa nafaka kupita kiasi. Hata hivyo mashamba yale yaliyopumzishwa yaliota majani na maua, na ndege wakayakimbilia. Kisha Ujerumani ilitunga sheria mwaka 2000 ya kuwalipa watu wanaotengeneza umeme usiotoka katika makaa ya mawe, na mwaka 2004 ikaongeza malipo kwa mazao yalimwayo kwa ajili ya gesi. Nia ilikuwa njema. Mahindi yakaenea; yakavunwa mabichi, yakaozeshwa katika matangi makubwa, gesi yake ikazungusha mitambo. Mwaka 2008 lile sharti la kupumzisha mashamba likakoma kabisa, na mengi ya mashamba yale yakarudi chini ya plau.

Yuko ndege mdogo aitwaye kipozamataza, ambaye huimba huku akipaa juu hata asionekane. Huweka kiota chake chini, katika majani mafupi, na ili jamii yake isipungue hana budi kulea vifaranga zaidi ya mara moja kwa mwaka. Shamba la mahindi kule hupandwa wakati wa kuanza kutaga, na udongo huwa mtupu. Kisha mahindi hurefuka upesi hata ndege huyo hawezi kushuka katikati yake. Majani ya malisho nayo, yakikatwa mapema na mara kwa mara ili yatiwe katika matangi ya gesi, hukatwa pamoja na kiota. Chama cha Wajerumani cha kuwalinda ndege kilimchagua kipozamataza kuwa ndege wa mwaka katika 1998, na tena katika 2019, kwa sababu alikuwa akizidi kupungua mashambani. Mahindi ya gesi siyo adui yake wa pekee, maana dawa za sumu na plau za nyakati zote zilimtangulia kumdhuru. Lakini alipokuwa amebakiwa na kimbilio moja, nalo ni shamba lililopumzishwa, zao la moto likaja kulidai hilo pia. Mwaka 2012 Serikali yao ilitunga kanuni ya kuyapunguza mahindi katika matangi mapya ya gesi. Angalieni ya kwamba mtu ndiye aliyepaswa kukiweka kipimo. Moto haukujiwekea.

Mtu wa Bariadi aweza kusema, Kipozamataza wa Ujerumani ana nini nami? Tutamjibu kwa ndege mwingine. Wengi mmemwona korongo mweupe, mrefu wa miguu, mwenye ncha nyeusi za mbawa na mdomo mwekundu, ambaye Biblia yetu humwita koikoi. Hufika kwetu wakati kwao ni baridi, akashuka katika mbuga zetu na kuokota panzi na viwavijeshi; kisha majira yakitimia huondoka, akaenda kujenga kiota juu ya mapaa ya nyumba na ya makanisa ya Ulaya. Nabii Yeremia, katika sura ya 8, aliwaaibisha watu wa Yuda kwa ndege huyo, kwamba yeye azijua nyakati zake alizoamriwa. Ndege huyo hula katika shamba la Mjerumani na katika shamba la Msukuma mwaka ule ule mmoja. Lile lisazwalo au lisilosazwa huko laonekana huku, na letu laonekana huko.

Turudi kwetu, kwa maana hapa ndipo tunapopaswa kukaa zaidi. Usukuma una habari ndefu ya kufyeka. Katika miaka ya 1920 na kuendelea, Serikali ya Kiingereza ilipigana na mbung'o kwa kufyeka vichaka, na Shinyanga ndipo palipokuwa kitovu cha kazi hiyo chini ya Bwana Swynnerton, aliyekuwa kwanza mkuu wa idara ya wanyama tangu 1919, kisha mkuu wa uchunguzi wa mbung'o. Watu wa vijiji waliitwa kwa maelfu na mashoka yao. Kisha ikaja pamba, ikapanda kutoka udongo wa luseni hata ukingo wa mbuga nyeusi, ng'ombe wakaongezeka, na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, wengi waliyaacha mbali malisho waliyoyatunza. Hata nchi ya Shinyanga, ambayo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake mpaka Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, ikaanza kuitwa jangwa. Mwanamke alitembea nusu ya siku kutafuta kuni, na alipokosa alipikia mavi ya ng'ombe, yaani alikichoma kile ambacho kingelirutubisha shamba.

Lakini Wasukuma walikuwa na kitu chao tangu zamani, nacho ni ngitili. Hatuna haja ya kuwaeleza watu wa Simiyu, bali wasomaji wetu wa mbali wajue ya kuwa ngitili ni sehemu ya malisho ifungwayo mvua zikianza, isiingizwe mnyama, hata majani yakomae na kuwa akiba ya kiangazi. Ndani yake miti huchipuka yenyewe. Mwaka 1986, baada ya Mwalimu Julius Nyerere kuuona mkoa ule na kusikitika, ilianzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo watu huiita HASHI. Walioiongoza kazi hiyo walifanya jambo la busara ambalo twalisifu: walipoona miche ya kigeni haistawi kama walivyotumaini, waliwauliza wazee, na wazee wakawaonyesha ngitili. Wakati ule zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi tu. Baada ya miaka kumi na mitano zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Wataalamu walipozichungua waliona aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina za ndege zaidi ya mia moja. Hakuna aliyewaleta ndege wale kwa gari. Waliachiwa mahali, wakaja.

Tena ngitili haikuumbwa kwa ajili ya ndege, ilitunzwa kwa ajili ya ng'ombe na kuni. Kiangazi hukata mtu matawi makavu humo, huchuma matunda na dawa, huweka mizinga ya nyuki. Hiyo ndiyo namna ya zao la moto ambalo halimfukuzi mtu wala mnyama. Kwa hiyo twasikia uchungu tunapoona mwenye ngitili akiifyeka yote, mgunga na mkwaju na mtundulu, ili apande mikaratusi katika safu zilizonyooka. Hatumlaumu kwa kutaka fedha, maana mkaratusi hukua upesi na nguzo zake zanunuliwa. Lakini chini ya mikaratusi iliyosongamana ni nani akaaye? Majani ni machache, matunda ya kuliwa na ndege hakuna, na kiota cha kwale hakina pa kujificha. Mtu amepanda miti mia tano, na akiulizwa atasema amerudisha msitu.

Sasa wapo watakaotuambia, nao wana haki ya kutuambia, Mchungaji, ninyi mwanena kwale na sungura. Mbona hamneni fisi na tembo? Ni kweli. Ngitili zilipoota fisi walirudi, nao walichukua mbuzi. Kweleakwelea hushuka juu ya mtama kama wingu, na mama aliyelima miezi minne huachiwa mabua. Na vijiji vya Bariadi, Itilima, Meatu na Busega vilivyo karibu na Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti vyajua usiku wa tembo ulivyo: usiku mmoja tu, na chakula cha mwaka kimekwisha. Serikali iliweka kanuni mwaka 2011 za kuwapa waliopatwa na hasara hizo kitu kidogo, na watu wakakiita kifuta jasho, na palipokufa mtu, kifuta machozi. Majina hayo yenyewe yasema kweli, kwa maana kufuta machozi si kurudisha kilichopotea.

Basi hatutaki kabisa Mkristo ye yote asimame mimbarani na kumhubiria mjane aliyeliwa mahindi yake na tembo habari ya uzuri wa viumbe. Ayubu, sura ya 39, yaonyesha Mungu mwenyewe akiwasifu wanyama wasiomfaa mtu kitu. Lakini maneno yale yalinenwa na Mungu kwa mtu, hayakunenwa na mtu aliyeshiba kwa mtu mwenye njaa. Tena utaratibu wa Kutoka 23 wapaswa kushikwa huku nako: maskini kabla ya mnyama. Tembo aingiaye shambani hakula masazo, amekula sehemu ya kwanza, na mwenye shamba ana haki ya kumfukuza kwa moto na ngoma na pilipili, na kuwataka askari wa wanyamapori watimize wajibu wao. Hasara ya kumtunza tembo kwa faida ya dunia nzima haifai kubebwa na kijiji kimoja. Lakini hoja ya tembo haimhukumu kwale. Twaona mara nyingi mtu akitaja fisi ili apate ruhusa ya kufyeka kichaka ambacho hakijapata kumficha fisi hata siku moja. Wachunguzi wa ngitili walizihesabu hasara za wanyama waliorudi, nao wakaona ya kuwa kwa jumla faida zazipita.

Liko na pingamizi la pili, nalo hutoka kwa wasomaji wa Biblia. Husema, Paulo katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 9, aliuliza kama Mungu ahangaikia ng'ombe, kana kwamba jibu ni hapana. Kwa hiyo sheria za wanyama zilikuwa mifano tu kwa ajili yetu. Ndugu, soma tena. Paulo alikuwa akiwatetea watenda kazi wa Injili wapate riziki, naye akapanda kutoka dogo kwenda kubwa: ikiwa ng'ombe apuraye nafaka asifungwe kinywa, je, si zaidi sana mtu? Hoja hiyo ingalianguka kama sheria ya ng'ombe ingalikuwa si kitu. Hapandi mtu ghorofani kwa kuivunja ngazi. Na Bwana wetu mwenyewe alitumia njia hiyo alipowataja shomoro wauzwao kwa bei ndogo: alisema sisi tu bora kuliko shomoro wengi, hakusema shomoro hana hesabu.

Tena walio na darasa la kipaimara na watazame Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 6 na wa 7. Mtu akikuta kiota njiani, mama akiwa amelalia mayai au vifaranga, aweza kutwaa makinda, lakini mama amwache aende. Na ahadi iliyofungwa na amri hiyo ni ipi? Ni kufanikiwa na kuzidishiwa siku. Ahadi hiyo ndiyo iliyofungwa na amri ya nne ya Katekisimo yetu, ya kuwaheshimu baba na mama! Twadhani si bahati tu. Anayekula yai hula tunda la mwaka mmoja, anayemwua mama hula miaka yote ijayo. Mungu hakukataza kutwaa, alikataza kutwaa chanzo. Basi aulimaye mpaka wa shamba, na kuichoma ngitili, na kung'oa kichaka cha mwisho, ametwaa mama pamoja na makinda, ingawa mikono yake haikugusa ndege. Na tukiuliza, Amemdhulumu nani? twajibu hivi: sungura hana hati, lakini yuko Mmoja aliyefanya agano, katika Mwanzo sura ya 9, na Nuhu, na wazao wake, na kila kiumbe hai kilichotoka katika safina. Katika agano hilo mnyama ametajwa mara nyingi kuliko tulivyozoea kukumbuka. Anayedhulumiwa kwanza ni Mwenye agano.

Lakini Mwenye agano hakusahau jiko la mwanamke. Nyumba nyingi za Simiyu zapikia kuni na makaa mpaka leo. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mpango wa miaka kumi wa kuwafikisha watu 80 katika kila mia kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Twaomba ufanikiwe, ila uji wa kesho asubuhi hautaungoja. Kuni lazima zipatikane, na zipandwe. Tulilo nalo ni shauri la namna ya kuzipanda. Anayetaka shamba la kuni asilitoe katika ngitili, alitoe katika shamba lililochoka. Achanganye miti ya kwetu, kama migunga, pamoja na mijohoro, asiweke aina moja tu. Asikate yote mwaka mmoja, bali akate ukanda huu mwaka huu na ukanda ule mwaka ujao, na asikate wala asichome wakati ndege wamelalia mayai. Mahali panapopakana na mto au korongo la maji aache hatua kumi au kumi na tano zisiguswe. Wakulima wa Ulaya wamejifunza kuacha katika shamba la ngano vipande vidogo visivyopandwa mbegu, vyenye ukubwa kama wa chumba kimoja, viwili katika kila hekta, ili kipozamataza apate pa kushuka. Na ngano waliyoikosa haikumfilisi mtu.

Nasi watu wa pamba tunazo kuni ambazo hatuzihesabu. Kila mwaka baada ya mavuno twaamriwa kung'oa miti ya pamba na kuichoma, ili funza wa vitumba wasipate kimbilio, na amri hiyo ni ya haki. Lakini je, ni lazima ichomwe shambani, moshi ukaenda bure, kisha mwanamke yule yule achukue shoka aende ngitilini? Wako wanaoifunga mizigo, wakaipeleka nyumbani na kuimaliza jikoni mapema, kabla mvua hazijaanza; funza hufa vile vile, na mgunga husimama. Tena wilayani Meatu, tangu mwaka 1994, wako wakulima walimao pamba pasipo dawa za sumu, na kupanda alizeti kati ya safu ili wadudu waharibifu waikimbilie. Katika mashamba ya namna hiyo panzi wapo, na ndege walao panzi wapo, na korongo akishuka hali sumu.

Twawasihi sharika zenye mashamba na ngitili za kanisa watuandikie kabla ya toleo lijalo, watuambie ni hatua ngapi walizoziacha mpakani, ni mwezi gani wanaokata kuni, na ni nani katika baraza la wazee aliyekabidhiwa kuangalia jambo hilo. Waalimu wa shule za Jumapili nao watusaidie: wawatume watoto wahesabu viota katika ngitili moja na katika shamba moja la mikaratusi lenye ukubwa uo huo, wasiguse kitu, watuletee hesabu zote mbili.